Mayahudi wa Mbale na Waislamu wa Kendu Bay

Ukimtajia mtu wa Mombasa au Lamu jina la Homa Bay, atakujibu kwa habari za samaki. Ukimtajia Migori, atakumbuka dhahabu ya Macalder au mabasi yaendayo mpakani Isebania. Ni nadra kumpata atakayekuuliza habari za msikiti. Simlaumu, kwani Waislamu wa huku ni wachache na kofia zao hupotea katika wingi wa watu sokoni. Hata hivyo wapo, tena tangu enzi za babu zetu, na jambo nitakalowasimulia wasomaji linaanzia kwao, ijapokuwa litatuvusha mpaka wa Uganda hadi kwa watu wengine wachache: Mayahudi weusi wa Mbale.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nimeuza vitambaa Homa Bay, kisha Migori, kwa muda mrefu kiasi cha kwamba wanangu walijua Kijaluo kabla ya Kiswahili, na nikienda Pwani naulizwa na jamaa zangu wenyewe, "Warudi lini kwenu?"

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikawa zazunguka ziwa, bandari ndogo kama Kendu Bay, Homa Bay na Karungu ziliwavuta wafanyabiashara. Wakaja Wahindi na maduka yao, wakaja Waswahili na Waarabu, na msikiti ukasimama Kendu Bay. Lakini msikiti huo haukubaki kuwa wa wageni. Wajaluo wa hapo wakasilimu, wakapewa majina mapya. Na kwa Mjaluo hilo halikuwa jambo jepesi, kwani mila ya kwao haikuwa kutahiri bali kung'oa meno ya chini. Mwanamume aliyeingia Uislamu alibeba mwilini alama ambayo nduguze hawakuwa nayo. Mashuhuri kati ya wazaliwa wa upande huo ni Hussein Onyango Obama wa Kanyadhiang, ambaye mjukuu wake Barack alishika urais wa Marekani mwaka 2009. Watu wengi duniani walistaajabu kulisikia jina Hussein katika ukoo wa Kijaluo. Kendu Bay hawakustaajabu.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya wasomaji wangu, na nalisema kwa kuwa mimi ni wa huko huko. Sisi watu wa Pwani tukija bara twaingia msikitini kana kwamba tumekuja kukagua mali yetu. Nimemwona mfanyabiashara aliyefika jana akikimbilia safu ya mbele, akimsahihisha imamu matamshi yake mbele ya watu, kisha akimgeukia mzee wa Kijaluo mwenye ndevu nyeupe na kumwuliza, "Ulisilimu lini, mzee?" Mzee yule ni Mwislamu wa tatu katika ukoo wake. Alitabasamu tu, akavaa ndala zake akaenda zake.

Wafuasi wa Imamu Shafi twajua kwamba sala ya Ijumaa yataka watu arubaini. Mombasa hakuna ahesabuye, maana watu hujaa mpaka barabarani. Katika msikiti mdogo ninaosali mimi, nje kidogo ya mji wa Migori, kuhesabu ni kazi ya kila Ijumaa. Mwadhini huzitazama safu huku midomo yamchezacheza: thelathini na tatu, thelathini na nne. Ikiwa mvua imenyesha na vijana wameshinda mashambani, hawatimii, na husaliwa adhuhuri. Na hao arubaini, fiqhi yetu yasema, wawe wakazi wa mahali hapo, si wapita njia. Kwa hiyo yule bwana wa safu ya mbele hayumo katika hesabu. Aliyemo ni mzee aliyeulizwa alisilimu lini, pamoja na mjukuu wake mwenye baiskeli ya kubebea samaki.

Hayo ni ya ndani. Ya nje ni kwamba twaishi katikati ya majirani wenye imani zao, na walio wengi sana upande wa Homa Bay ni Wasabato. Misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianzishwa mwaka 1906 na Mkanada Arthur Carscallen, na tangu hapo Jumamosi imekuwa siku kubwa katika vijiji vya ufuo huu. Jua likizama Ijumaa, Msabato huacha kazi hadi jua la Jumamosi lizame. Hali nguruwe, hanywi pombe. Hata samaki huchagua: asiye na magamba haingii chunguni mwake, na kwa hiyo kambare na kamongo hupita mlangoni kwake bila kuulizwa bei. Mimi niliyelelewa katika mafunzo ya kwamba vya baharini vyote ni halali nililiona jambo hili kuwa geni mwanzoni. Baadaye nikalizoea, na mazoea hayo yalinifaa nilipofika Mbale.

Katika nchi hii mtu hahitaji kuhubiriwa sana habari za kumpokea mgeni. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wakiwa katika sherehe na pombe alikuja bibi kizee, mchafu na mwenye njaa, akaomba mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake na kumpa chakula. Bibi akamwambia mwanamke huyo aondoke na jamaa yake usiku ule ule. Mvua ikaja, kijiji kikazama na watu wake, na ziwa likabaki. Mwislamu akisikia hadithi hiyo humkumbuka Nabii Lut. Msabato naye humkumbuka huyo huyo.

Basi, mwaka 2018 nilimpeleka mpwa wangu, binti wa dada yangu, kusoma Mbale katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, ambacho wazazi wengi wa Pwani wanakijua na ambacho kilifunguliwa mwaka 1988. Tulipanda gari hadi Kisumu, tukavuka mpaka Busia, tukapita Tororo, na jioni ukatutokea mlima Elgon. Mwenyeji wetu alikuwa Mgisu, Mwislamu safi asiyekosa alfajiri. Katika mazungumzo ya chakula akataja kwamba kesho yake, Jumamosi, binamu yake hatapatikana kwa kuwa atakuwa sinagogi. Nilidhani anatania. Akaniambia, "Kaka, hapa Mbale Myahudi ni jirani kama jirani mwingine. Ukitaka nitakupeleka."

Yafaa nieleze Mayahudi hao walitoka wapi, maana hawakuletwa na meli wala na ukoloni. Chanzo chao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeiteka nchi ya mashariki ya Uganda akishirikiana na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Mji wa Mbale wenyewe ulikua kutokana na boma lake. Alitarajia kupewa ufalme wa nchi hiyo, Waingereza wakampa cheo kisha wakakipunguza hadi akajitenga nao. Akaingia katika dhehebu la Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali, lakini alizidi kukisoma kitabu cha Taurati na kuona kwamba amri ya kutahiri haikufutwa. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwonya kuwa kutahiri ni jambo la Mayahudi, naye akajibu kwamba, ikiwa ndivyo, basi wao ni Mayahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, watu wa Yuda.

Mwaka uliofuata alikuja mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda ya sikukuu, jinsi ya kuchinja, na vyakula vya kuepuka. Kakungulu akatunga kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Alipofariki mwaka 1928 aliacha jumuiya ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Jerusalemu.

Halafu ikaja zama ya Idi Amin, na hapa Mwislamu hana budi kusimama kidogo. Amin aliwafukuza Waisraeli mwaka 1972, na wakati wa utawala wake ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa. Waliotaka kusali walisali kwa siri majumbani na vichakani. Wengi wakaingia Ukristo, wengine wakaingia Uislamu ili mradi waishi salama, na watu waliokadiriwa kufika elfu tatu wakabaki mamia machache. Ndiyo sababu mwenyeji wangu ana binamu Myahudi. Babu yao ni mmoja. Tawi moja la ukoo lilisilimu miaka ile, na jingine likaendelea kufunika madirisha kila Ijumaa jioni. Mwenyeji wangu anaupenda Uislamu wake na hatauacha, lakini aliniambia bila kupepesa macho kwamba baba yake aliingia kwa hofu. Dini yetu imekataza kumlazimisha mtu imani. Aliyekuwa akijiita mlinzi wa Waislamu wa Uganda hakulijali hilo, na sioni faida ya sisi kulifunika eti kwa kuwa jina lake lilikuwa Idi.

Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wakombozi wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani kwa Firauni. Abayudaya hawachoki kuisimulia sadfa hiyo, na nani atawalaumu?

Tulipanda mlima Nabugoye asubuhi, mimi na mwenyeji wangu, wote wawili tukiwa na kofia zetu. Nilikuwa nimewaza moyoni kama nitaambiwa niivue. Kumbe mlangoni kila mwanamume ana kofia, ndogo ya duara kama ile ya mwanafunzi wa madrasa, na asiye nayo ndiye aazimwaye. Kijana mmoja akatupa mikono, akasema neno la Kiebrania la kutakiana amani ya Sabato, na kwa sikio langu likawa karibu sana na salamu ya Kiarabu. Jengo ni jipya. Lilifunguliwa mwaka 2016 mahali pa lile la zamani. Wanaume na wanawake hukaa pamoja, jambo ambalo sisi hatuna. Zaburi zikaimbwa, nyingine kwa Kiebrania na nyingine kwa Kiganda, kwa sauti za kupokezana zilizonikumbusha harusi za bara kuliko jambo lolote la Mashariki ya Kati. Kisha sanduku likafunguliwa, Taurati ya kukunjwa ikatolewa, watu wote wakasimama.

Kwao hesabu ni kumi. Bila watu wazima kumi, sala fulani hazisomwi wala Taurati haitolewi. Mzee mmoja alinieleza kwamba katika vijiji vya mbali wapo wanaotembea kwa saa nyingi ili wawe mtu wa tisa au wa kumi. Nilimweleza habari za arubaini zetu za Migori. Akacheka akasema sisi tuna kazi kubwa zaidi.

Jambo jingine nililoliona ni kwamba hakuna sahani wala kapu la sadaka lililopita. Siku ya Sabato hawagusi fedha. Wala moto hauwashwi. Chakula tulichopewa kilipikwa Ijumaa. Mchango hutolewa siku za kazi, na mwingi hutolewa kwa mikono: huyu huleta ndizi, yule hufyeka nyasi za makaburini, mwingine hufundisha watoto kusoma Kiebrania. Wana shule ya msingi ya Hadassah na ile ya sekondari inayoitwa kwa jina la Semei Kakungulu, na katika madarasa hayo watoto wa Kiislamu na wa Kikristo hukaa dawati moja na wa Kiyahudi. Kiongozi wao, Rabi Gershom Sizomu, alisomea Marekani na kutawazwa mwaka 2008. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, na kwa kuwa Mayahudi wote wa Uganda ni kama elfu mbili tu, msomaji atambue mwenyewe kura zilitoka kwa nani.

Lakini kilichonivutia mimi, mtu wa biashara, ni kahawa. Mkulima mmoja wa Kiyahudi, J. J. Keki, alikuwa New York siku ya tarehe 11 Septemba 2001 wakati majumba yale yalipoangushwa. Alirudi nyumbani akiwaza jinsi watu wa dini mbalimbali wanavyoweza kuishi bila kuuana. Mwaka 2004 akazunguka kwa majirani zake, Waislamu na Wakristo na Mayahudi, wakaunda chama cha ushirika kiitwacho Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Wakati huo bei ya kahawa ilikuwa mbaya na walanguzi wakiwapunja wakulima mmoja mmoja. Viongozi wakachaguliwa kutoka imani zote tatu, kahawa ikapata mnunuzi huko California aliyewalipa bei ya haki, na wakulima wa chama wakafika mamia. Mwenyeji wangu alikuwa na miche yake humo. Kwake ushirika haukuwa hotuba ya maelewano. Ulikuwa karo ya watoto.

Siyo kwamba kila kitu ni asali. Jumuiya hiyo hupata misaada mingi ng'ambo, hasa Marekani, na si vigumu kuona hatari yake. Mzee niliyezungumza naye aliniambia kuwa vijana wengine humtazama kila mgeni mweupe kama gunia la unga. Pia wamegawanyika: wale wa kijiji cha Putti wamefuata madhehebu ya Kiyahudi yaliyo makali zaidi na wana sinagogi lao. Hayo na sisi twayajua, tena vizuri.

Na lipo la uchungu zaidi. Mayahudi wengine wa dunia huwauliza Abayudaya kama wao ni Mayahudi wa kweli. Mwaka 2002 marabi walitoka Marekani wakawaingiza mamia rasmi katika dini kwa kanuni zao, watu ambao babu zao walikuwa wakiishika Sabato tangu 1919. Baadhi yao walikubali kwa furaha, na wengine wakaona ni tusi kuambiwa waingie katika nyumba waliyozaliwa ndani yake. Hata baada ya hapo serikali ya Israeli imekuwa ikisita kuwatambua. Mzee alipofika hapo katika masimulizi yake alinyamaza, akaokota jani la kahawa akawa analichanachana. Nilimkumbuka mzee wa Migori na ndala zake.

Niliporudi nilisimulia safari yangu barazani baada ya sala ya Ijumaa, na haikupokewa kimya. Kijana mmoja alisimama akaniuliza nimewezaje kula chakula cha Mayahudi ilhali watu wa Palestina wanateseka. Ni swali la haki, na machungu yake ni ya haki. Nilimjibu kwamba mkulima wa Bugisu hana jeshi, hajamnyang'anya mtu nyumba, na yeye mwenyewe alinyang'anywa nyumba yake ya ibada na mtawala aliyejiita Mwislamu. Maalim wetu, Mjaluo wa Kendu Bay, akaongeza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimama jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake, na alipoulizwa akasema kwani si nafsi ile? Akakumbusha pia kwamba chakula cha Watu wa Kitabu si haramu kwetu. Kijana hakuridhika, nami sikutarajia aridhike siku moja. Yule mzee aliyeulizwa alisilimu lini alitaka kujua jambo moja tu: hao Mayahudi wa Mbale wakitembelewa na Mayahudi wa Ulaya, ni nani anayesimama mbele kuongoza sala? Nikamwambia ni wao wenyewe. Akatikisa kichwa akasema, "Vema."

Tangu hapo yamebadilika machache msikitini kwetu, na sidai ni kwa sababu ya hadithi yangu. Sasa mchango wa mwezi huandikwa daftarini kwa jina la kila mkazi, hata akileta debe la mahindi au siku moja ya kazi, na mgeni wa Pwani akifika hukaribishwa chai kwanza na kuonyeshwa daftari hilo. Upepo wa mwezi Machi ulipong'oa nusu ya paa tulifanya harambee. Kendu Bay walituletea fundi na nauli yake wakalipa wao. Mabati kumi na mawili yaliletwa na Msabato muuza dagaa, jirani wa msikiti, Jumapili asubuhi mapema, kwa kuwa Jumamosi hagusi biashara. Upande wa wanaume umekwisha. Upande wa kina mama bado wazi kwa mvua, na zinatakiwa bati ishirini zaidi.